Ramadhani ya Samaki wa Bi Mwahija

Bi Mwahija hakuwahi kula mbele ya mtu bila kumkaribisha, na hilo ndilo lililowaponza samaki.

Samaki wenyewe walikuwa wanne, wekundu wa kung'aa, wenye mikia mirefu inayopepea kama ushungi, na makazi yao yalikuwa sanduku la vioo lililojaa maji. Walikuwa mali ya mke wa daktari, Mama Natalia, ambaye Bi Mwahija alimlelea watoto kwa miaka sita kule mlimani Lindi. Daktari alipohamishiwa Mbeya, mvua zilikuwa zimeshaikata barabara, ikabidi wapande ndege, na ndege haipakii sanduku la maji. Mama Natalia akawaaga samaki wake huku akilengwalengwa na machozi, akamkabidhi yaya wake sanduku, kokoto za kutandika chini, na kopo la chakula cha samaki lililobaki robo. Akamwambia awape kidogo tu, kiasi cha kubanwa kwa vidole viwili, mara moja kwa siku. Bi Mwahija akaitikia ndiyo mama, ndiyo mama, lakini moyoni alisikitika. Miaka sita alikula na kushiba katika nyumba ile, asijue kumbe mwenye nyumba ni bahili kiasi hicho kwa viumbe wasioweza kulalamika.

Akawachukua hadi kwake mtaa wa Ndoro, akaweka sanduku juu ya meza, sebuleni, chini ya dirisha linalotazama barazani. Alichagua mahali pale kwa makusudi, kwa sababu kitu kizuri hakifichwi uvunguni. Jua la asubuhi lilipoingia likawapiga samaki ubavuni, waling'aa hata wapita njia wakasimama.

Hapo sharti nieleze nyumba ile ilikuwaje kabla. Mume wa Bi Mwahija, marehemu Bakary, alikuwa amefariki zamani. Binti yake wa pekee, Ziada, alikuwa ameolewa Nachingwea mwaka uliotangulia. Tangu hapo nyumba ilinyamaza. Bi Mwahija alipika sufuria dogo, akarudisha mlango, akala peke yake jikoni, na jioni akawasikia watu wakicheka kwenye baraza za wenzake. Alijiambia kwamba ndiyo dunia ilivyo, watu wamemsahau, na hakumlaumu mtu. Ila iliuma.

Basi samaki walipoingia, haikupita wiki baraza ikajaa. Jirani yake Kazija, muuza vitumbua mwenye sauti ya kusikika mpaka sokoni, akawa hakosi kila asubuhi akishamaliza biashara. Huseni, fundi cherehani na balozi wa nyumba kumi, akakihamishia pale kikundi chake cha redio. Ulikuwa mwaka wa kampeni ya Mtu ni Afya, na kila mtaa ulikuwa na kikundi: watu wanakusanyika, wanasikiliza kipindi, wanasoma kitabu, wanajadili mbu na vyoo, kisha wanatoka na majembe kufukia madimbwi. Kikundi cha Ndoro kilifanya yote hayo, na kilipomaliza kilikunywa chai kwa Bi Mwahija.

Sasa, niambie wewe, nani anaweza kunywa chai macho manane yakimtazama? Samaki wale walikuwa na tabia moja. Ukila karibu nao, wanakuja wote, wanapanga vichwa kwenye kioo, wanafungua mdomo, wanafumba, wanafungua tena. Mtu wa Ndoro akitafuna mbele ya jicho la namna hiyo asitoe kitu, atasemwa mpaka Ijumaa. Kwa hiyo kila mtu alitoa. Kopo la Mama Natalia lilipokwisha hakuna aliyejali. Kazija alimega kitumbua. Huseni alitoa muhogo wa kuchemsha. Wengine walileta maandazi, wengine ubwabwa wa hitima waliyotoka kuila. Na Bi Mwahija, ambaye furaha ilikuwa imemrudia usoni, aliwakaribisha wote wawalishe, naye mwenyewe kila alipotia tonge kinywani aliwatupia na samaki la kwao. Walikula walichoweza. Wasichokiweza kikazama kwenye kokoto.

Ukijani ulianza kwa mbali, kama rangi ya chai ya mchaichai. Kisha kioo kikaota utando wenye utelezi. Mwezi ulipoisha maji yalikuwa mazito mithili ya mlenda, na ulikuwa humwoni samaki mpaka aje mwenyewe kugusa kioo na pua. Lakini wageni hawakuacha kutoa. Walidondosha tonge, wakasubiri uso mwekundu utokeze kwenye giza lile, na ukitokeza walishangilia.

Bi Mwahija hakukaa bure. Aliwahamishia samaki kwenye beseni, akamwaga maji yote, akasugua vioo kwa makumbi ya nazi na mchanga mpaka mikono ikachubuka, akajaza maji mapya ya kisima. Siku mbili tatu yalikuwa meupe. Siku ya nane kijani kikarudi, tena kikali kuliko cha kwanza. Alifanya hivyo mara nne. Mara ya tatu samaki mmoja hakuyaweza maji mapya, akaelea ubavu. Bi Mwahija alimzika chini ya mpapai, akamlilia kweli, wala hakuona haya.

Ushauri ulikuwa mwingi. Huseni alisema ni kisima. Kazija alisema ni kijicho, kwa kuwa kuna watu hawapendi kuona baraza ya mwenzao imejaa, akaja na chetezo akafukiza udi sanduku lote kulia na kushoto. Nyumba ilinukia vizuri. Maji yalibaki vilevile.

Ndipo akaja Bwana Afya. Aliitwa Lukas, kijana wa Rondo, kaptula ya kaki iliyonyooshwa, faili kwapani. Alikagua choo akakisifu. Alikagua uani, majani yamefyekwa, vifuu vimekusanywa. Akakaribishwa chai, akashukuru, akasema yuko kazini. Akaingia sebuleni akasimama mbele ya meza.

"Mama, haya maji ni ya nini?"

"Ya samaki, mwanangu."

Lukas akainama, akatazama kwa muda mrefu. "Samaki wako wapi?"

Siku zote wanakuja, siku ile hawakuja. Bi Mwahija akagonga kioo, akadondosha kipande cha andazi. Mdomo mmoja ukatokeza, ukachukua, ukapotea. Lukas akafungua faili. Bi Mwahija akaona kalamu inateremka na roho yake ikateremka nayo. Akaeleza haraka haraka kwamba samaki hao wanakula viluwiluwi vya mbu, amewaona kwa macho yake, kwa hiyo hapo mbu hawezi kuzaliwa. Kijana akamsikiliza mpaka mwisho. Akasema huenda ni kweli, lakini yeye haandiki asichokiona.

"Nakwenda Rondo kwenye kazi ya vyoo, mama, mwezi mzima. Nikirudi itakuwa baada ya Idd. Nikiona kokoto za chini nitaandika samaki. Nisipoziona nitaandika dimbwi, na dimbwi tunalifukia."

Aliyasema kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyomkata maini zaidi, kwani hakupata hata mahali pa kukasirikia. Nyumba yake ndiyo kikao cha kikundi kinachofukia madimbwi ya watu, na yeye mwenyewe analo sebuleni. Lakini haikuwa aibu tu. Usiku alipolala aliwaza zaidi ya hapo: samaki wakiondoka, Kazija atakuja kutazama nini? Huseni atahamishia redio wapi? Aliiona baraza tupu kama ilivyokuwa, akavuta shuka.

Ramadhani ikaingia na joto lake, maana ilikuwa Oktoba. Siku mbili za kwanza watu waliendelea kukaa barazani, wamechoka, midomo mikavu, macho yamewageukia samaki. Siku ya tatu Kazija akashindwa. Alilalamika kwamba haiwezekani mtu amefunga, koo limemkauka, halafu awekewe maonyesho ya viumbe wanaokunywa maji tangu alfajiri bila kupumzika. Huseni akakiri kwamba naye amejikuta anahesabu mafunda yao. Mjadala ukawa mrefu kuliko wa vyoo. Mwisho Kazija akaenda kwake, akarudi na kaniki nzito nyeusi, akalifunika sanduku gubigubi, na dirisha likafungwa ili jua lisiwaongezee watu kiu.

Kuanzia siku ile samaki wakawa gizani. Mchana hakuna aliyekula mbele yao, kwa sababu hakuna aliyekula. Jioni kila mtu alifuturu kwake. Bi Mwahija akishakunywa uji wake aliinua pembe ya kaniki, akadondosha chembe za mkate kwa vidole viwili, akafunika. Mkate ulikuwa mchache na tumbo lake lilikuwa halijatulia kiasi cha kufikiria matumbo ya wengine. Siku nyingine, Mungu amsamehe, alipitiwa kabisa.

Siku ya kumi na nne aliona maji yamepungua, akaivua kaniki yote ili aongeze. Akasimama na kata mkononi.

Aliona kokoto. Aliona moja moja, nyeupe, nyeusi, na ile ya kahawia aliyoiokota mwenyewe ufukweni. Aliona samaki watatu, wamenyooka, wepesi, mikia imetandazika. Akapitisha mkono nyuma ya sanduku akaviona vidole vyake vitano upande wa pili. Kioo kilikuwa bado na madoa ya utando hapa na pale, lakini yalikwaruzika kwa kucha tu. Akakaa chini kwenye mkeka akasema Alhamdulillahi mara nyingi, akicheka peke yake.

Wazo la kwanza lilikuwa ni baraka ya mwezi, na hakuna wa kumkatalia. Lakini Bi Mwahija alikuwa amekaa kwenye kikundi kile miezi mitatu, na kitabu kilimfundisha kwamba ukiona ugonjwa umeondoka, uulize umeondokaje, usije ukarudi. Akachukua chupa mbili za kioo, akazijaza maji ya sanduku. Moja akaitupia tonge la mkate, akaiweka kwenye dirisha la chumbani linalopigwa na jua. Nyingine hakuitia kitu, akaifunga katika kitambaa akaisukuma uvunguni. Kila siku baada ya swala ya alasiri alikwenda kuzitazama kama mtu anayetazama sufuria mbili jikoni.

Ilipofika siku ya saba, ya dirishani ilikuwa mlenda. Ya uvunguni ilikuwa nyeupe kama ilivyoingia.

Bi Mwahija akashika tama. Si kisima, si kijicho. Ni jua alilowawekea kwa kutaka waonekane, na ni ukarimu. Ni kitumbua cha Kazija, muhogo wa Huseni, ubwabwa wa hitima, na mkono wake yeye uliokuwa wa kwanza kutoa na wa mwisho kukoma. Chakula kilichowashinda samaki ndicho kilichokuwa kikilisha ule ukijani. Akamkumbuka Mama Natalia na vidole vyake viwili, akamwomba radhi hapo hapo, kwa sauti, ingawa mwenyewe yuko Mbeya.

Furaha ilipopoa, hofu ikakaa mahali pake. Idd ilikuwa imebakiza siku chache. Alijua kitakachotokea: watu wote wa mtaa watakuja na sahani zao, kaimati, vileja, halua, na kila mmoja atataka kuwapa samaki mkono wa Idd. Naye atawaambia nini? Katika maisha yake yote hajawahi kumzuia mgeni mkono. Angeweza kudanganya kwamba samaki wanaumwa, lakini uongo wa siku ya Idd aliuogopa. Akinyamaza, Bwana Afya atakuta dimbwi. Akisema, watu wataudhika, wataona amewabagua, watarudi kwao. Aliyapindua maneno hayo siku tatu nzima huku anakuna nazi, na kila alipoyapindua aliiona baraza ile ile tupu. Samaki wabaki na watu waende, au watu wabaki na samaki wafukiwe? Alitamani mtu mwingine amchagulie.

Asubuhi ya Idd alihamisha meza mpaka pembe ya ndani ya sebule ambako jua halifiki, akaondoa kaniki. Watu wakatoka msikitini, wakapita nyumba kwa nyumba, wakafika kwake. Walipoona maji walipiga vigelegele. Kazija alisukuma watu akawa mbele, kaimati mkononi inachuruzika asali.

Bi Mwahija akajipiga moyo konde. Akaushika mkono wa Kazija kwa upole.

"Shoga, usiwape. Ni sisi tuliowaharibia maji, mimi wa kwanza. Leo na siku zote, watapewa kidogo, mara moja, na nitawapa mwenyewe."

Akawaeleza habari ya chupa mbili, akazileta wakaziona. Huseni akazigeuza geuza kwenye mwanga, akasema hata kwenye kitabu hamna somo zuri kama hilo. Wengine wakaguna. Kazija akaitazama kaimati yake, akaila mwenyewe, hakusema neno, na Kazija asiposema neno kuna jambo. Wakala kidogo, wakaaga mapema, wakisema bado wana nyumba nyingi za kuzungukia. Bi Mwahija akawasindikiza mpaka mlangoni akitabasamu, na alipobaki peke yake tabasamu likamwisha.

Idd pili alikaa barazani tangu saa mbili. Hakuna Kazija. Hakuna Huseni. Hakuna redio. Saa nne akaja Lukas na faili lake, vumbi jekundu la Rondo bado liko kwenye viatu. Aliingia, akainama mbele ya sanduku.

"Kumbe ni wekundu," akasema.

Akamwomba Bi Mwahija amwonyeshe kama kweli wanakula viluwiluwi. Alikuwa navyo, amevichota njiani kwenye kopo kama ushahidi wa dimbwi la mtu mwingine. Akavimimina. Samaki watatu wale, ambao walikuwa na mwezi mzima wa njaa ya heshima, waliviondoa vyote kabla kijana hajafunga kopo. Lukas akacheka kwa sauti, akaandika, akamgeuzia faili asome. Ilikuwa imeandikwa: samaki watatu, maji safi, hakuna mbu. Na safari hii akakubali chai.

Bi Mwahija alipaswa kuruka kwa furaha, na kweli alifurahi. Lakini kijana alipokwisha kwenda, alibaki ameyatazama maji yale yaliyotakata, akayaona mazuri, akaona hana wa kumwonyesha. Adhuhuri ikapita. Akaosha kikombe cha Lukas, akakiosha tena.

Baada ya alasiri akasikia sauti inatokea mbali, kama kawaida yake. Kazija alikuwa anakuja ameshika tumbo, anamlaumu kila mtu aliyempikia jana yake. Alikuwa amelala mpaka mchana kwa kuvimbiwa. Nyuma yake Huseni, redio begani, amerudi kutoka kwa wakwe zake Mingoyo. Wakaingia bila hodi, wakaketi, Huseni akaanza kutafuta kituo.

Bi Mwahija akasimama katikati ya sebule yake akakosa pa kuweka mikono. Akasema alidhani hawatakuja tena. Kazija akauliza kwa nini, ameua mtu? Bi Mwahija akasema ni kwa sababu ya samaki, kwamba amewakataza kuwalisha, na wao walikuwa wakija kwa ajili ya samaki.

Kazija akamtazama kama mtu aliyesikia jambo la ajabu.

"Mimi? Hao samaki wako nawaogopa tangu siku ya kwanza. Wananitolea macho hata chai hainishuki. Nilikuwa nawatupia kitumbua wahangaike nacho, nami nipate kukaa na wewe."

"Sasa mwaka mzima kabla yao, mbona hukuja?"

"Nilikuja," Kazija akasema, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo. "Tulikuja wote. Ziada alipoolewa uliurudisha mlango, shoga. Mtu unapiga hodi mara mbili, mara tatu, hakuna jibu, unaona mwenzako anataka kuwa peke yake. Walipoingia samaki ukafungua dirisha ili waonekane. Ndiyo na sisi tukaonekana."

Huseni akatikisa kichwa kukubali, macho kwenye redio. Bi Mwahija akakumbuka jikoni, sufuria dogo, na hodi alizozisikia kwa mbali akadhani ni za nyumba ya pili. Akalia kidogo, akacheka, akajifuta kwa pembe ya kanga, na hakuna aliyemkataza lolote kati ya hayo. Kazija akageuza kiti chake, akawapa samaki mgongo, akauliza kama chai ya Bwana Afya imebaki.